Mtu Aliyeiogopa Saba

Nimefanya kazi nyingi kandokando ya ziwa hili na karibu zote niliziacha kabla sijazijua vizuri. Nimekamua mawese Kigwena, nimebeba matofali Muhuta, nimevuta nyavu Nyanza-Lac, nimepaka rangi mitumbwi na kuiandika majina ya watakatifu na ya wanawake. Kazi moja tu sikuiacha, nayo ni kumchukia Mwalimu. Hiyo niliifanya bila likizo.

Jina lake sitaliandika. Nikiwa darasa la sita alininyang'anya jina langu akanipa jingine, na kwa hilo jingine nimeitwa Rumonge nzima mpaka nilipohama. Kwa hiyo humu ataitwa Mwalimu basi. Alizaliwa wapi, baba yake alikuwa nani, hayo wayaandike wanaompenda. Wako, tena wengi.

Alikuwa mrefu, mwembamba, na shati lake la mikono mirefu lilifungwa vifungo vyote hadi kooni hata jua la saa nane lilipokuwa linachemsha mchanga. Mfuko wa shati ulikuwa na stilo mbili, ya bluu na nyekundu. Kiswahili chake alikuja nacho kutoka Tanzania, kwenye makambi ya wakimbizi, kisafi kama cha redio. Sisi tuliokuwa tunasema "iko" kwa kila kitu tulimwona kama mtu aliyevaa viatu mahali ambapo wote wako peku. Ukimwambia, "Mwalimu, kreyo yangu haiko," alikuwa anangoja, macho yamefumbwa, mpaka useme, "Mwalimu, sina penseli." Ndipo alipofumbua macho na kukuruhusu uendelee kuishi.

Alipenda namba kama watu wengine wanavyopenda pombe. Hakunywa, hakuvuta, hakukaa barazani kusikiliza habari za watu. Akitoka shuleni alikuwa akihesabu. Namba ya pikipiki iliyopita aliijumlisha tarakimu zake papo hapo. Kanisani, namba za nyimbo zilipoandikwa kwenye ubao, midomo yake ilikuwa inatembea, na watu walidhani anasali.

Silaha yake kuu ilikuwa preve ya tisa. Waliosoma shule za huku wanaijua. Ukitaka kuhakiki hesabu, unajumlisha tarakimu za kila namba mpaka ibaki tarakimu moja, unazipanga ndani ya msalaba uliochora pembeni mwa kaye, daftari lako, na kama pande mbili za msalaba zinalingana, hesabu yako imepita. Wengine waliifundisha kwa wiki moja wakaendelea. Yeye aliifanya kuwa dini. Kwake, kitu kilichopita preve ya tisa kilikuwa kweli, na kilichoanguka kilikuwa uongo. Aliwahi kumwambia padri mbele ya watu kwamba hata amri kumi zingekuwa tisa zingehakikika kwa urahisi zaidi. Padri alicheka. Mwalimu hakucheka, maana hakuwa anatania.

Lakini preve ya tisa ina tundu, nami nililigundua nikiwa na miaka kumi na mitatu. Haioni mpangilio. Andika 63 au andika 36, kwake ni kitu kimoja, kwa sababu sita na tatu zikijumlishwa ni tisa vyovyote utakavyozipanga. Niliinua mkono siku moja nikamwambia hivyo. Akanijibu, "Mtu anayegeuza namba ni mtu asiye mwaminifu. Preve haikutengenezwa kwa ajili ya wezi." Sikujua kwamba siku hiyo alikuwa anajieleza mwenyewe mapema.

Adhabu zake zilikuwa za aina yake pia. Hakupiga. Kama uliandika nne vibaya, alikupa namba 12345679, ile isiyo na nane, na kukwambia uizidishe kwa 36. Ulikaa hapo ukitoa jasho, mwishoni unapata 444444444. Nne tisa, zimesimama mstari kama askari. "Umeziona?" anasema. "Sasa ziandike vizuri." Mwenye saba mbovu alizidisha kwa 63. Mwenye tano mbovu kwa 45. Tulichukia adhabu hiyo na tuliipenda, na jioni tulizidisha wenyewe mchangani ili kuona kama askari watatokea tena. Lazima niseme ukweli: kila ninachokipenda kwenye namba alikiweka yeye. Ningekuwa na raha zaidi kama kingewekwa na mtu mwingine.

Na kuna mengine ambayo lazima niyaseme, kwa sababu chuki yenye hesabu mbovu haifiki mbali. Msichana mmoja wa Kigwena alipoachishwa shule ili abaki nyumbani, Mwalimu alikwenda huko kwa miguu akaketi uwanjani kwao tangu asubuhi, hakula, hakusema neno, mpaka baba mtu akachoka kumtazama na kumrudisha mtoto darasani. Yule msichana leo ni muuguzi. Mimi nilikuwa kiti cha tatu nyuma yake. Mimi hakuja kuniketia nje kwetu.

Kitu kimoja tu kilimshinda, nacho kilikuwa saba. Kwa namba nyingine zote kuna njia ya mkato. Mbili, unatazama tarakimu ya mwisho. Tatu na tisa, unajumlisha. Nne, unatazama mbili za mwisho, nane, tatu za mwisho. Tano, hata mtoto wa chekechea. Sita ni mbili na tatu pamoja. Saba haina mlango wa nyuma ambao yeye aliujua. Kama unataka kujua namba inagawanyika kwa saba, unaketi unagawa, hatua kwa hatua, kama mtu anayechimba choo. Mwalimu hakupenda kuchimba. Tulipofika hapo alifuta tablo na kusema, "Saba ni namba ya Mungu. Tumwachie Mungu."

Basi siku moja baada ya Pasaka aliandika fumbo kwenye tablo. Tafuteni namba yenye tarakimu tisa, kuanzia moja hadi tisa, kila moja mara moja tu. Tarakimu mbili za mwanzo zifanye namba inayogawanyika kwa mbili. Tatu za mwanzo, kwa tatu. Nne za mwanzo, kwa nne. Hivyo hivyo mpaka zote tisa, kwa tisa. Alisema alipewa fumbo hilo na mkaguzi mmoja kule makambini, na kwamba yeye mwenyewe alikuwa amelitafuta miaka mingi. "Iko," alisema, akajisahihisha haraka, "ipo. Ipo moja tu. Atakayeileta nitamsimamia mbele ya direkteri wa shule mwenyewe."

Wenzangu waliandika fumbo wakalisahau. Mimi sikulala nalo vizuri. Mama yangu alikuwa anakausha ndagala, dagaa wa huku, ufukweni, na kazi yangu baada ya shule ilikuwa kuzigeuza na kufukuza ndege. Kazi hiyo inaacha kichwa kitupu na mchanga mwingi mbele yako. Niliandika kwa kijiti. Ya tano lazima iwe tano, hiyo niliiona mapema. Ya pili, ya nne, ya sita na ya nane lazima ziwe shufwa. Nilifuta, nikaandika, ndege wakala ndagala, mama akanitukana, nikaandika tena. Baada ya majuma sita zilibaki namba kumi tu zilizopita kila mlango isipokuwa wa saba, ambao nilikuwa nimeuacha mwisho, kwa kuwa ndivyo tulivyofundishwa.

Nikachimba. Ya kwanza, ikabaki kitu. Ya pili, ikabaki. Tisa kati ya kumi zilifia hapo. Moja ilipita bila kubaki hata punje: 381654729. Niligawa mara tatu. Kisha nilikaa tu, nikaitazama mpaka wimbi likaichukua, na sikuhuzunika, kwa kuwa nilikuwa nayo kichwani.

Kesho yake niliiandika kwenye kaye kwa mwandiko wangu mzuri kuliko wote na kumpelekea. Aliichukua, akatupa mgongo. Niliona bega lake likitikisika kidogo alipokuwa anachora msalaba wake wa preve. Alipogeuka uso wake ulikuwa umebadilika.

"Nani amekupa?"

"Nimetafuta mwenyewe, Mwalimu."

"Wewe? Kaye inanuka ndagala, halafu wewe?"

Darasa lilicheka. Mimi pia nilicheka kidogo, nikidhani ni utani.

"Namba hii inatafutwa na watu wenye diploma," akasema. "Nilikuwa nayo mezani kwangu, kwenye karatasi zangu. Umeingia lini mezani kwangu?"

Akaichana ile karatasi kwenye kaye taratibu, akifuata mstari, akaikunja na kuitia mfukoni pamoja na stilo zake mbili. Kisha akasema neno lililonifuata miaka yote: mwizi wa namba.

Mama aliitwa. Alikuja na mikono bado ina magamba, akasimama mlangoni kwa direkteri bila kuthubutu kukanyaga sementi. Mwalimu alimweleza kwa kile Kiswahili chake kisafi kwamba mtoto ana mkono mrefu, kwamba kwa huruma hawatalipeleka jambo mbele zaidi, ila konkur ya mwaka huo, ule mtihani wa kuingia sekondari, asiifikirie. Mama hakujua kusoma. Hakuelewa jinsi mtu anavyoweza kuiba namba, lakini alielewa huruma. Aliinamisha kichwa, akamshika Mwalimu mkono kwa mikono yake miwili.

"Murakoze, Mwalimu," alimshukuru. "Murakoze cane."

Konkur ilipita. Nilikuwa nimeketi ufukweni, na waliopita barabarani na nguo safi waliniita kwa jina langu jipya. Wenye boti wakaanza kunikataa. "Huyu anaiba hata vitu visivyoshikika," mmoja alisema. "Samaki ataacha?" Watu walicheka sana, na ni kweli ilikuwa inachekesha. Nilipata umri wa kuhama nikahama. Kusamehe niliweza. Ningemsamehe hata kuninyima konkur, kama asingemwacha mama yangu amshukuru.

Miaka ilienda. Popote nilipokuwa niliuliza mambo: kwa nini samaki mukeke anafuata taa, kwa nini mawese yanaganda Julai, kwa nini kivuli cha mlingoti ni kirefu hivi. Watu wa kazi walinichoka. Nyanza-Lac, nikiwa napaka rangi mtumbwi, kijana mmoja wa Rumonge alinisimulia habari za mwalimu aliyemfundisha, mzee aliyestaafu ambaye ana etidi nyumbani kwake, anawaandaa watoto kwa konkur, na ukutani ana namba aliyoivumbua mwenyewe. "Ilimuchukua miaka," alisema kijana kwa heshima. "Iko kubwa, ya ajabu. Batoto wote banaijua."

Niliimaliza boti ile siku hiyo. Kesho yake nilikuwa Rumonge na makopo yangu na ngazi, na nia moja: kusimama barabarani na kumwita mwizi kwa sauti mpaka koo likauke.

Nilipofika sikuita. Ukuta ulikuwa unatazama barabara kubwa, rangi yake imechunika, na namba ilikuwa hapo, tarakimu zenye urefu wa mkono: 981654723.

Nilidhani macho yangu yamekosea. Tisa ilikuwa mbele na tatu ilikuwa nyuma. Nilikaa kwenye jiwe ng'ambo ya barabara nikaielewa polepole. Mtu akiiba mtumbwi ziwani anaupaka rangi nyingine kabla ya kuusukuma majini. Mwalimu alikuwa amebadilisha tarakimu ya kwanza na ya mwisho ili namba isiwe ile ya kaye yangu, akaipima kwa njia zake zote za mkato, na ikapita kila moja, pamoja na preve. Ilikuwa mojawapo ya zile kumi zangu, ya nane kama nakumbuka vizuri. Nilichukua kreyo nikagawa tarakimu saba za mwanzo kwenye kiganja. Inabaki sita. Miaka yote hiyo ilikuwa ukutani, mbele ya magari na baiskeli na wazazi, na hakuna aliyegawa, kwa sababu hakuna anayegawa kitu kilichoandikwa kwa herufi kubwa ukutani.

Nilicheka pale jiweni hadi mwenye duka akatoka kunitazama. Kisha nikabisha hodi.

Alikuwa mzee kweli. Vifungo bado vilifika kooni, lakini shingo ilikuwa imepungua ndani yake. Macho yake yalikuwa na ukungu. Nilimwambia mimi ni fundi wa rangi za boti, na ukuta wake unatia aibu. Alifurahi. Watu wa parokia walikuwa wanakuja kumpongeza rasmi wiki iliyofuata. Hakunijua.

Jumamosi asubuhi nilipanda ngazi. Alikaa chini kwenye kiti cha plastiki akiniongoza.

"Fundi, hiyo tisa iwe na tumbo."

"Itakuwa na mimba kabisa, Mwalimu."

"Usitanie na namba."

"Samahani, Mwalimu."

Nilirudia kila tarakimu kwa rangi nyeusi ya boti. Nilipokuwa kwenye ile tatu ya mwisho watoto walitoka darasani, na wazazi waliokuja kuwachukua walikuwa wamesimama uwanjani. Nikamwita msichana mmoja aliyekuwa anatazama juu, chaki bado iko mkononi.

"Dada, hii namba ni ya nini?"

Aliieleza yote bila kukwama, mbili kwa mbili, tatu kwa tatu, mpaka tisa.

"Na saba mumeigawa?"

"Saba tunamwachia Mungu," alisema, na wenzake wakacheka, kwa kuwa waliijua sauti iliyoigizwa.

"Leo Mungu iko na kazi ingine. Gawa weye."

"Fundi," Mwalimu alisema, "wewe paka rangi."

"Ninapaka, Mwalimu. Lakini hii ni rangi ya boti, ikikauka haitoki. Afadhali tuhakikishe ingali mbichi."

Mzazi mmoja, mama mwenye kitenge cha njano, akaafiki, "Ego, mutoto agawe, tuone walivyojifunza." Mwalimu hakuweza kukataa mbele yao.

Msichana alipiga magoti akaandika kwenye sementi ya kibaraza, akisema kwa sauti kama walivyofundishwa. Tisa kwa saba, mara moja, inabaki mbili. Ishirini na nane, mara nne, hakuna. Moja, haiingii. Kumi na sita, mara mbili, inabaki mbili. Ishirini na tano, mara tatu, inabaki nne. Arobaini na nne, mara sita, inabaki mbili. Ishirini na saba, mara tatu.

Akahesabu tena kwa vidole.

"Inabaki sita, Mwalimu," alisema. "Nimekosea?"

"Umekosea," alisema Mwalimu. "Leta chaki."

Aliinama kwa shida, uso karibu na sementi, akagawa. Ikabaki sita. Akafuta kwa kiganja akagawa tena. Nilimwona akikaa juu ya visigino vyake, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue hakuwa anafikiria watu wanaomtazama. Alikuwa anafikiria namba tu, kama mimi mchangani.

"Tatu ilikuwa mbele," alisema polepole, kwa nafsi yake. "Bila shaka. Tatu ilikuwa mbele na tisa nyuma."

"Mbele wapi, Mwalimu?" aliuliza msichana.

Hapo akayasikia maneno yake mwenyewe.

"Kwenye karatasi ya nani, Mwalimu?" nikauliza kutoka juu.

Aliinua kichwa. Alinitazama kupitia ule ukungu wake, kuanzia viatu.

"Wewe ni wa yule mama wa ndagala," alisema.

"Ndiyo."

"Mama yako yupo?"

"Hayupo. Alikufa akisema wewe ni mtu mwema."

Mama wa kitenge cha njano aliuliza kuna nini. Mwalimu aliushika ukingo wa kiti, akasimama. Sauti ilitoka ndogo.

"Namba hii si yangu. Ni ya huyu. Alikuwa mwanafunzi wangu, aliileta, nikaichukua. Nikamwita mwizi."

"Walio barabarani hawajasikia," nikasema.

Akarudia. Mwenye duka ng'ambo alitoka tena, na mwenye baiskeli aliyebeba vichikichi akaweka mguu chini. Niliwahesabu wote, watu wazima kumi na mmoja na watoto sikumaliza.

Nilidhani nitashiba hapo. Sikushiba.

"Sasa badilisha," Mwalimu aliniambia, na katika sauti yake kulikuwa na haraka ya mtu anayeona kosa likikauka. "Weka tatu mbele, tisa nyuma. Haraka, fundi."

Nilishuka. Nilichovya brashi kwenye kopo, nikaikung'uta vizuri isidondoke, nikamwekea mkononi.

"Aliyeigeuza ndiye aigeuze," nikasema.

Mama wa kitenge alisema, "We kijana, ni muzee huyo." Mwalimu hakumsikiliza. Alikuwa anaitazama tisa. Aliweka mguu kwenye daraja la kwanza la ngazi, kisha wa pili, vifungo vimefungwa mpaka kooni, rangi ikimtiririkia kwenye mkono wa shati. Daraja la nne ngazi ikaanza kuyumba. Watoto wakakimbilia, wawili kila upande, wakaishika ngazi, wakageuza nyuso kunitazama, wakingoja na mimi nishike.

Nilitia mikono mfukoni.